Msumeno wa Watu Wawili

Kiwandani, Rungwa,
7 Mei 1995.

Mkia,

Ukiona mwandiko huu usidhani nimekufa na mtu amerithi kalamu yangu. Ni mimi Kichwa, mzima wa afya, isipokuwa goti la kushoto na upweke, ambao siku hizi nauhesabu pamoja na magonjwa. Nakusalimu wewe na Theodora, na ng'ombe wako ambao nasikia wamekufanya mtu mkubwa huko Unyambwa.

Tangu ulipoondoka na lile kundi la kwanza la waliopunguzwa kazi, kiwanda cha mbao kimezidi kupungua watu mpaka nimebaki mimi na funguo. Serikali imekiuza. Tajiri aliyekinunua sijamwona, ila wakala wake amefika, bwana mmoja anaitwa Stanley, mpole, anavaa viatu vyeupe kwenye vumbi letu hili. Anasema kabla mvua hazijakolea atakuja na malori azoe vyuma vyote vikayeyushwe.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nafagia stoo ya nyuma, ile iliyoanguka paa, nikamkuta Mzee. Ndiyo, Mzee mwenyewe, ule msumeno wa mnyororo wa watu wawili tulioanza nao kazi mimi na wewe, kabla hawajaleta midogo ya mtu mmoja. Amelala chini ya mabati, amejaa mavi ya popo, bapa lake linalobeba mnyororo limeota kutu. Nikakaa chini nikamshika. Usicheke.

Nilimwomba Stanley aniachie. Akasema mashine itakayofanya kazi mbele ya macho yake ataniachia, iwe shukrani ya kulinda. Isiyofanya kazi ni chakavu. Nikamuuliza, kufanya kazi maana yake kunguruma? Akasema hapana, kukata. Lipo gogo la mninga pale uwanjani, lile ambalo hakuna aliyewahi kulipasua. Akakate lile.

Kwako nataka mambo mawili. La kwanza ni jina lake. Bila jina hakuna fundi wala muuza spea atakayenisikiliza. Kibati cha jina kilikuwa mbele, upande wako. Mimi Kichwa, wa kwenye injini, nilikuwa naona moshi tu, wewe Mkia ndiye uliyekaa unakitazama miaka yote ile. Sasa kimeliwa na kutu. Kiliandikwa nini?

La pili, uje. Mzee hakati kwa mtu mmoja, unajua. Uje ushike upande wako. Sijakuona tangu kabla sijamzika mke wangu Dorkas, na kuhusu hilo sisemi zaidi.

Barua mpe Mathayo wa lori la asali, huwa anafika mpaka stendi ya Singida.

Kichwa
(Antipasi Alute)


Unyambwa, Singida,
1 Juni 1995.

Kichwa,

Nimepata barua yako na nimefurahi kwamba kalamu haijarithiwa. Anayeandika hapa ni Theodora. Miwani yangu imekanyagwa na ndama. Mimi nasema, yeye anaandika, na akiongeza maneno yake utayajua kwa sababu yatakuwa na adabu.

Kuhusu jina. Unakumbuka wakati ule nilikuwa sijui kusoma, kisomo cha watu wazima kilinikuta baadaye. Kwa hiyo sikukisoma kile kibati, nilikitazama tu, kama mtu anavyotazama uso wa mwenzake. Herufi ya kwanza ilikuwa lango la zizi, nguzo mbili na mti umelazwa katikati. Ya pili paa la kanisa. Ya tatu upinde umesimamishwa. Ya nne jembe limeegemezwa ukutani. Ya mwisho mdomo wa mtungi. Siku ile darasani mwalimu alipoziandika ubaoni mojamoja nilitaka kupiga kelele, hizo ni za Mzee! Nikaona haya, watu wazima tulikuwa wengi.

Theodora anasema ukiziunganisha ni HADLO. Basi ndilo jina lake. Chini yake palikuwa na picha ya ndege mwenye miguu mirefu, nami siku zote nilidhani ni heroe wa hapa ziwani Singidani, nikajiuliza amefikaje kwenye chuma cha Wazungu. Nimemchora kwa mkono wangu nyuma ya karatasi hii.

Kuhusu kuja, sasa hivi ni mavuno ya uwele. Nikimaliza tutaona.

Mkia
(Gaspari Laurian)

Baba mkubwa, shikamoo. Mimi ni mwandishi tu. Theodora.


Kiwandani, Rungwa,
25 Juni 1995.

Mkia,

Lango la zizi, paa la kanisa, upinde! Nilisoma nikiwa nimesimama kando ya lori la Mathayo, nikacheka peke yangu mpaka abiria wakaanza kunihurumia. Hadlo. Ukilitamka ni kama jina la mtoto mtundu.

Lakini huyo ndege. Gaspari, nimeigeuza karatasi nikamwona na nimehuzunika. Mistari inayumba, mguu mmoja umetoka nje ya karatasi. Mkono uliokuwa ukipitisha tupa kwenye kila jino la mnyororo bila kukosea ndio uliochora hivi? Kama ni pombe niambie, mimi si padri. Hapa kwa Raheli kilabuni nawaona watu waliotetemeka kabla ya kuzeeka, na sitaki uwe mmoja wao.

Hata hivyo ndege wako mlevi amesaidia. Nimekwangua uchafu ubavuni mwa tangi kwa kijiti na mafuta ya taa, ukatokea mguu mrefu, halafu wa pili, halafu shingo. Ni yuleyule. Kwa hiyo Mzee sasa ana jina na ana ukoo.

Kazi inakwenda polepole. Pistoni iliganda. Nilimimina mafuta ya taa kwenye tundu la plagi nikamwacha alale nayo, na kila asubuhi namgonga kidogo kwa kipande cha mti, siyo chuma, namuuliza, leo je? Juzi akakubali. Nilimsikia anatembea chini ya kiganja changu. Nikageuka nimwambie mtu, hakuna mtu. Nikamwambia jogoo.

Tangi nimelitia kokoto nikalitikisa mpaka kutu ikatoka kama ugoro. Gasketi nimekata kwa boksi la sabuni. Kabureta nimeipitisha unyoya wa kanga. Halafu nikafika kwenye ile pingili ya kuzungusha, unaikumbuka, ambayo bapa unaweza kulilaza au kulisimamisha lakini injini inabaki wima palepale, petroli isimwagike. Ile midogo iliyokuja baadaye haikuwa na heshima hiyo, ilinguruma hata kichwa chini. Nilikaa naizungusha, lala, simama, lala, simama, mpaka chai ikapoa.

Ringi za pistoni zimekatika. Nakutumia kipande kimoja ndani ya bahasha. Nasikia siku hizi madukani Singida kila kitu kipo, tangu biashara ifunguliwe hata muuza vitunguu ana plagi. Zunguka kidogo unipatie zenye unene huu. Halafu uzilete mwenyewe, uwele utakuwa umekwisha.

Kichwa


Unyambwa, Singida,
20 Julai 1995.

Kichwa,

Theodora bado ndiye anayeandika. Miwani ni jambo refu.

Ringi nimezipata, Mathayo atakupa zimefungwa kwenye kitambaa. Theodora alizunguka maduka ya spea yote, kuanzia sokoni mpaka Utemini, anatoa kile kipande chako kwenye mkoba kama anayeonyesha pete ya uchumba. Wengi walicheka. Mmoja hakucheka, akakipima kwa kucha, akaingia nyuma akatoka na ringi za pikipiki. Anasema ni pana kidogo tu, uzisugue kwa msasa laini juu ya kioo. Nimekuwekea na plagi mbili.

Sikunywa pombe. Nilichora vibaya kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nimekusoma kuhusu ile pingili ya kuzungusha. Theodora alinisomea mara mbili kwa sababu nilimwomba. Mimi pia nilikuwa naipenda.

Kuja bado sijui. Ndama mmoja anaumwa na sina wa kumwachia. Usikasirike. Naomba neno moja tu, na hili ulishike: usimpe mtu mwingine upande wangu. Sisemi kwamba nakuja. Nasema usimpe mtu.

Mkia


Kiwandani, Rungwa,
2 Agosti 1995.

Gaspari,

Naandika haraka, Mathayo anapiga honi. Ringi zimeingia kama amezaliwa nazo!

Habari kubwa, nimempata mkia! Kumbe alikuwa kwa Raheli kilabuni miaka yote hii, napita pale kila siku simwoni. Amechakaa kidogo na amepinda, lakini nimemshika nikaona bado ana nguvu. Raheli alibisha kumwachia, mwishowe tukaelewana. Jumatatu namfikisha kwa Mzee nione kama wanakubaliana. Usiku wa leo nitalala vizuri, maana nilikuwa nimeshakata tamaa.

Mengine baadaye.

Kichwa


Unyambwa, Singida,
10 Septemba 1995.

Kwa Ndugu Antipasi Alute,

Salamu. Barua yako ya tarehe 2 Agosti ilifika, na nyingine iliyokuja baada yake ilifika pia, sikuifungua.

Nimefurahi kusikia umepata mtu. Wa kilabuni naye ni mtu. Mwambie haya, kwa kuwa wewe ulikuwa kwenye injini hukuwahi kuyajua. Wa mkia hasukumi wala havuti. Akisukuma, mnyororo utamrukia mwenzake. Asikilize. Sauti ikipanda, alegeze kidogo. Ikishuka, aache uzito wa bapa wenyewe ufanye kazi. Na asikutazame machoni, atazame bega lako la kulia, ndilo linalosema kabla yako. Mimi nilijifunza hayo peke yangu na sikumwambia mtu.

Nakuomba usiniandikie tena habari za msumeno.

Gaspari Laurian


Kiwandani, Rungwa,
24 Septemba 1995.

Gaspari,

Mtu gani? Mtu gani wa kilabuni? Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea, sikuelewa, mpaka jana nikiwa nanoa mnyororo ndipo nikaelewa, nikaitupa tupa.

Mkia ni chuma! Ni kile kishikio cha mbele, chenye mpini wa mti, kinachofungwa kwenye ncha ya bapa. Nilipomkuta Mzee hakuwa nacho. Sikukuambia, kwa sababu nilijua utasema kama mkia hakuna nije kushika nini. Nikatafuta stoo zote, nikachimba mpaka kwenye jalala la maranda. Kumbe Raheli alikiokota zamani akakipigilia kwenye mlango wa kilabu, ndicho anachovutia. Walevi wote wa Rungwa wamekishika isipokuwa wewe! Nikampa asali, akanipa mkia. Kama ungeifungua barua ya pili ungekuta nimekuchorea kabisa.

Nilicheka. Halafu nikakasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo nitasema. Mtu aliyeshindwa kuja kumzika Dorkas, Dorkas aliyekuwa anakuwekea ukoko wa ugali miaka yote kwa sababu ulisema unaupenda, leo amenifungia barua kwa ajili ya kitasa cha kilabu. Nilisimama kaburini nikawa natazama barabara ya Itigi. Watu walidhani namlilia yeye tu.

Mzee ananguruma. Nilivuta kamba asubuhi moja, akapiga chafya, akawaka, kunguru wote wakaondoka juu ya mabati. Nilifurahi hivyo kwa muda mfupi. Nilikuwa nimeshika upande mmoja, ule mwingine uko mbali na umening'inia, nikajaribu kuuegemeza kwenye gogo, mnyororo ukaingia mchangani ukakwama. Nikamzima. Vijana wawili wa hapa walikuja kunisaidia, nikawarudisha, kwa sababu ulisema nisimpe mtu.

Stanley amesema wiki ya pili ya Novemba atakuja na malori. Siku hizi barabarani ni magari ya kampeni tupu, vyama vingi, kila kimoja na kipaza sauti, wananiahidi mambo. Mimi nilitaka jambo moja na wala halimo kwenye sera zao.

Usije. Nimechoka kukuomba.

Antipasi


Shule ya Msingi,
Utemini, Singida,
8 Oktoba 1995.

Baba mkubwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa shuleni, watoto wako mapumzikoni. Baba hajui kwamba naandika, na akijua atanigombeza. Lakini mimi ndiye niliyeandika zile barua zote kwa mkono wangu, na sasa naona nimeshiriki uongo.

Hakuna ndama aliyekanyaga miwani. Miwani ya baba iko nzima, anaivaa. Mwaka jana mwezi wa saba baba alipata kiharusi. Alianguka akiwa zizini. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havikubaliani naye mpaka leo, na mdomo umeenda upande. Anatembea kwa fimbo mpaka mlangoni, akipata nguvu mpaka zizini. Uwele nilivuna mimi na majirani. Ndege wa Mzee alimchora kwa mkono wa kushoto, akakaa naye mchana mzima, akachana karatasi kadhaa. Barua yako ya ulevi nilimsomea yote.

Habari za msiba wa mama Dorkas zilifika akiwa hata hawezi kumeza uji. Nilipomwambia alilia bila sauti, jicho moja. Akaniambia, kwa jinsi alivyokuwa akisema wakati ule, nitume rambirambi na nisiseme chochote. Anasema wewe ulimjua akiwa upande wa pili wa gogo, amesimama, na anataka ubaki naye hivyohivyo.

Kuhusu mkia, baba mkubwa, utanisamehe, hapo kosa ni la sarufi na mimi ni mwalimu. Uliandika "nimempata". Hivyo husemwa kwa mtu. Chuma, mkia, ni "nimeupata". Herufi moja ile ilimlaza baba kitandani. Alisema, "Amempata," akageukia ukutani, na siku nyingi hakutaka hata redio. Barua yako ya mwisho niliposoma kwamba ni kishikio cha mlango wa kilabu, alicheka mpaka nikaogopa. Halafu nikafika kwenye mambo ya kaburi, akaniambia basi, inatosha.

Sijui wewe ufanye nini. Nimeona tu usibaki na jibu ambalo siyo.

Mwanao,
Theodora


Kiwandani, Rungwa,
17 Oktoba 1995.

Mkia,

Barua yangu iliyopita ichome moto. Iliandikwa na mtu mwenye njaa.

Nimeona jambo kuhusu lile gogo ambalo sikuwa nimeliona, na linabadilisha mpango mzima. Upande wake wa kulia kumeota kichuguu. Kikubwa, kigumu, hakuna nafasi ya mtu kusimama. Kwa hiyo nimeuhamisha mkia, nimeufunga kushoto. Kumbe una matundu ya skrubu pande zote mbili, sisi tulitumia upande mmoja tu maisha yetu yote. Sasa ilivyo, anayeshika lazima ashike kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauna kazi kabisa. Anaweza hata kuutia mfukoni.

Jambo jingine, gogo lenyewe limezama ardhini, liko chini mno kwa mtu kufanya kazi amesimama. Nimechonga kigoda. Nimekijaribu mwenyewe, mtu akiketi pale mkia unamfikia mapajani bila kunyoosha mgongo. Uzito wote uko kwa wa injini, yaani kwangu. Wa mkia, kama ulivyoniandikia, hasukumi wala havuti. Anasikiliza tu. Nilikuwa sijui hilo. Miaka yote nilidhani ninakata mimi.

Mathayo analala Singida kila Jumanne na kurudi huku Jumatano. Nimemwambia huenda kuna mtu atapanda naye mbele, asimweke nyuma na mapipa, na asiendeshe kama anakimbizwa.

Chumba cha Dorkas nimekifagia. Kina mlango wa karibu na uwanja, hakuna ngazi.

Kama ndama bado anaumwa nitaelewa. Sitakuandikia tena maneno makali, uje au usije. Lakini nikikudanganya kwamba sitakutazamia nitakuwa nakudanganya.

Kichwa


UNYAMBWA
30 OKTOBA

KICHWA

NAANDIKA MWENYEWE. KUSHOTO. NAWEZA KUBWA TU KAMA ZA KIBATI.

UWANJA ULE NAUJUA. HAKUNA KICHUGUU.

NILIMWITA THEODORA AKAKIRI. NIMEMGOMBEZA. HALAFU NIMEMWOMBA ANIPANGIE NGUO.

MDOMO WANGU UMEPINDA. SIKU YA KWANZA USINITAZAME SANA.

UKOKO WA DORKAS SIJAUSAHAU. NITAANZIA KABURINI NDIYO TUENDE KWENYE GOGO.

NAKUJA NA MATHAYO.

MKIA


Kiwandani, Rungwa,
26 Novemba 1995.

Mkia,

Mathayo amenihakikishia kwamba alikupandisha basi pale stendi ya Singida mpaka ukakaa, na kwamba ulimgombeza kwa kukubebea begi. Nikajua uko salama.

Stanley alirudi wiki hii kuzoa yaliyobaki. Wamebeba kila kitu, mpaka reli ndogo ya kusukumia magogo, mpaka mabati ya stoo. Uwanja umebaki mweupe. Nikikohoa, sauti inakwenda na hairudi. Aliniuliza, yule mzee wa kwenye kigoda yuko wapi? Nikamwambia amerudi kwake. Akasema siku ile ya kukata gogo hakuwa anatazama msumeno, alikuwa anakutazama wewe ulivyofumba macho unasikiliza. Msumeno wetu Mzee, Stanley ameniachia, kama alivyoahidi. Alisema mashine iliyofika katikati ya mninga haiwezi kuitwa chakavu.

Katikati. Hilo ndilo ninalotaka kulisema. Mkono wako ulipoanza kuchoka nilizima injini nikasema petroli imekwisha. Petroli ilikuwepo, nusu tangi. Nadhani ulijua, kwa sababu hukuuliza. Ulisema tu, basi kesho. Na kesho yake mvua ikanyesha, na kesho kutwa Mathayo akapiga honi.

Zile siku zilikuwa chache mno. Nilikuwa nimeizoea nyumba ilivyokuwa kimya, sasa imebidi nianze kuizoea upya. Asubuhi napika ugali nabandua ukoko nauweka pembeni, halafu nakumbuka, nampa jogoo.

Gogo liko vilevile. Mkato unaonekana, umenyooka, mimi na wewe hatujawahi kukata ulionyooka hivyo hata tukiwa vijana. Watu wanapita wananiambia, mzee Antipasi, malizia kwa shoka upate mbao. Vijana wale wawili wamekuja tena kuomba kushika upande wa pili. Nimekataa wote. Kigoda nimekiingiza ndani kisinyeshewe.

Mwambie Theodora kwamba nimefanya zoezi lake la sarufi na sasa naandika sawasawa, asipate mtu wa kukasirika tena na kugeukia ukutani. Mkia nimeupaka grisi, nimeufunga kushoto. Mkia ninamngoja.

Kichwa